Kabla hujauza kaboni ya miti ya babu yako

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Usa River aliniandikia: "Dada, shikamoo. Babu ametuachia ekari mbili zenye miti mikubwa. Kuna mtu anasema tukilipa 40,000 ya usajili, kila mti utatuingizia hela ya kaboni kila mwaka. Wewe ulishafanya, nielekeze."

Nilisoma hayo maneno, "wewe ulishafanya", nikaweka simu chini nikaenda kukata majani ya ng'ombe. Ni kweli nilishafanya, mdogo wangu: nilijaribu kuuza kaboni, yaani kulipwa na wanaotaka kufidia hewa ya ukaa wanayoitoa, kwa kuwa miti huivuta hewa hiyo. Bado kinaniuma, ndiyo maana umesubiri jibu siku tatu.

Mwaka 2019 nilirudi nyumbani Old Moshi baada ya miaka kumi na moja ya Dar es Salaam. Nilikikuta kihamba cha wazazi, shamba la familia la Kichaga linalozunguka nyumba, kama nilivyokiacha: juu miringaringa, miruka na migrevilia, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, na kwenye unyevu wa mfongo, mfereji wetu wa maji, magimbi. Wenzetu wa Shimbwe Juu, kule Uru, kihamba chao kilitambuliwa na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, mwaka 2011 kuwa urithi wa kilimo wa dunia. Mimi nikajiambia: miti yote hii inavuta hewa ya ukaa kwa faida ya dunia nzima, mbona hatulipwi?

Nikajifunza kupima, na kupima nilikujua vizuri, hilo silifichi. Unazungusha futi kamba kwenye mti mita 1.3 kutoka ardhini, usawa wa kifua. Ukigawa kwa 3.14 unapata kipenyo, na kutokana na kipenyo kuna kanuni za kukadiria uzito wa mti mkavu. Karibu nusu ya uzito huo ni kaboni. Kila kilo ya kaboni, mti ukiungua au ukioza, inaungana na oksijeni na kutoka kama kilo 3.67 za kaboni dioksidi, ndiyo hiyo hewa ya ukaa.

Nilizunguka kaya 23 na futi kamba ya fundi cherehani. Mringaringa wa mzee jirani yangu uliishinda, maana futi kamba ile mwisho wake ni sentimita 150. Tukaunga na kamba ya katani, yeye kashika ncha moja mimi nyingine, tukauzunguka mti tukakutana upande wa pili tukicheka. Gome lilikuwa na mikwaruzo mirefu, na ndani ya mikwaruzo kuvu ya kijani. Mzee akaupiga kofi akasema, "Huu baba yangu aliukuta." Nikaandika kwenye daftari kwa furaha. Sikujua kwamba maneno hayo ndiyo yangetukosesha kila kitu.

Kila kaya ilitoa 15,000. Jumla 345,000, nikazipeleka kwa mkono wangu kwa wakala mmoja Arusha mjini. Mengine utayakisia. Miezi mitano ya "wazungu wanakuja", kisha simu haipokelewi.

Nilipata maelezo ya kweli baadaye, kwa bwana misitu mmoja mstaafu. Akaniuliza swali moja tu: "Bila mradi wenu, miti hii ingekatwa?" Nikasema hapana, ipo tangu enzi za babu zetu. Akafunga daftari langu akanirudishia.

Anayenunua kaboni halipii mti uliosimama. Analipia tofauti: msitu uliokuwa unaelekea kwisha ukaokolewa, au mti uliopandwa mahali ambapo usingepandwa. Angalia Wahadzabe wa Yaeda, kule Mbulu, wanaofanya kazi na Carbon Tanzania, kampuni ya miradi ya kaboni ya Arusha. Wao wanalipwa kwa sababu mashamba yalikuwa yanaingia kwenye msitu wao, wakapata haki ya kimila juu ya ardhi yao na wakauzuia uharibifu huo. Tofauti ile inaonekana na inapimika. Mimi nilikuwa na daftari la sifa za mababu.

Na liko jambo lililoniaibisha zaidi. Ili takwimu zetu zipendeze, niliwaambia kina mama wasikate hata matawi. Wakanitii. Jioni moja nikasimama barabarani nikaona bodaboda inapandisha magunia matatu ya mkaa kutoka tambarare, inayashusha nyumba hadi nyumba, hadi kwangu. Mkaa wa tanuri la udongo unakula kuni mara nyingi ya uzito wake. Tulikuwa tumelinda matawi yetu kwa kukatisha miti ya watu wengine huko chini, mahali ambapo hakuna aliyekuwa anapima. Wataalamu wanauita uvujaji. Mimi nilikuwa nauita mafanikio.

Mzee alikuwa ameshapigia hesabu ada ya mjukuu. Hela ilipokosekana akauza mringaringa. Chensoo ilianza saa mbili asubuhi, saa sita mti ukaanguka juu ya kahawa, na unga wa mbao ukatanda kwenye majani ya migomba. Mbao zilishuka Moshi mjini, na hizo angalau zitakaa na kaboni yake ndani ya kabati la mtu. Matawi na vipande vilichomwa palepale. Hakunisemesha. Wengine walinisemesha, wakaniita Mama Kaboni mpaka kwenye kikao cha VICOBA.

Nililipa zile 345,000 zote kwa maziwa, miezi saba. Hilo najivunia na nitalisema mbele ya yeyote. Kisha nikachukua jani la isale, nikaenda kwa mzee kuomba msamaha kama inavyotakiwa Uchagani ukimkosea mtu. Alilipokea, akaniacha nimesimama muda mrefu kabla hajaniambia nikae.

Sasa, mdogo wangu, sikiliza. Pima, lakini pima kaya nzima. Kuni, mkaa, samadi, ng'ombe. Ng'ombe anayecheua anatoa methani, gesi ambayo kwa miaka 100 inashika joto mara 27 hivi kuliko kaboni dioksidi. Shamba la mpunga lililofurika maji, kama haya ya Lower Moshi, nalo linatoa methani. Watu wanatangaza miti yao na kunyamazia zizi. Tuache tabia hiyo! Anayetaka kuitwa mtunza mazingira aonyeshe na kinachotoka kwake, si kinachoingia tu. Na usichukue hela ya jirani kwa jambo ambalo wewe mwenyewe hujalielewa. Narudia: usichukue. Hata elfu moja.

Ekari zako mbili zitunze kwa kivuli, kahawa na maji. Kama kuna kipande kilichobaki kipara, panda hapo, andika tarehe na upige picha kabla ya kupanda, maana tofauti inaanzia hapo. Eneo dogo hivyo halitoshi kuwa mradi peke yake, litahitaji kikundi.

Huyo wa 40,000 mwambie hivi: nchi ina kanuni za biashara ya kaboni tangu 2022, na kuna kituo cha taifa cha kaboni pale Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Akuonyeshe mradi wake umesajiliwa wapi, kwenye karatasi, mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Akisema karatasi ziko njiani, mpe chai, msindikize mpaka getini.