"Laini za milima" au "mistari ya milima"?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Ninafundisha uchoraji hapa Tukuyu. Wanafunzi wangu wakieleza michoro yao ya mashamba na Mlima Rungwe, huandika "laini za milima" na "muundo wa mlima". Je, ni sahihi?

JIBU: Marahaba, Mwalimu. La kwanza ningelisahihisha bila kusita. "Laini", neno lenye asili ya Kiarabu, ni sifa ya kitu kisicho kigumu wala kisichokwaruza; "laini" ya simu ni neno jingine, lililoingia baadaye kutoka Kiingereza, nalo libaki huko huko kwenye simu. Penseli ikipita karatasini huacha mstari, ambao waweza kuwa wima, mlalo, wa mshazari au uliopinda. Tofauti hii hudhihirika mwanafunzi anapotaka kueleza kwamba mgongo wa mlima ameuchora kwa mstari laini, ilhali matuta ya viazi yaliyo mbele ameyachora kwa mistari mizito iliyokatikakatika. Hapo akiandika "laini laini", msomaji atadhani ameongelea kitambaa.

Hata hivyo, si kila kinachonyooka shambani ni mstari. Mkulima husema amepanda mahindi kwa mistari, akiwa na maana ya safu, lakini udongo alioinua kwa jembe huuita tuta. Katika maelezo ya picha, basi, tuta ni la shambani na mstari ni wa karatasini.

"Muundo" ni suala gumu zaidi. Neno hili limetokana na kitenzi "unda", ambacho mafundi wa pwani hukitumia kwa kazi ya kutengeneza vyombo vya baharini kwa kuunganisha mbao, na ndiyo maana linahusu namna sehemu za kitu zinavyoshikana. Muundo wa Mlima Rungwe, ambao ni volkano, ni matabaka ya lava na majivu. Anachokiona mwanafunzi akiwa dirishani ni umbo lake. Lakini muundo wa picha ni usemi sahihi kabisa: migomba mbele, chai katikati, mlima nyuma. Ile mistari hafifu anayotangulia kuichora, kisha akaifuta, ningeiita kiunzi, neno la shina hilo hilo ambalo sijui kwa nini walimu wa sanaa hawalitumii.

Kwa "laini" kata alama. Kwa "muundo", muulize kwanza kama alikusudia mlima au picha.