Maswali ya Kazi: Kutoka ushauri wa kiufundi hadi upande wa mauzo

SWALI: Kwa miaka sita nimekuwa mshauri wa kiufundi wa mitandao, nikihudumia hoteli na loji kuanzia Arusha mjini hadi Karatu. Sasa kampuni moja ya vifaa inanitaka niwe mhandisi wa kabla ya mauzo, yule anayefuatana na ofisa mauzo kwa mteja kabla mkataba haujasainiwa. Naogopa nitageuka machinga wa suti. Nijiandae vipi?
Msomaji, Njiro, Arusha

JIBU: Kitakachokubana kwanza ni muda. Mshauri hulipwa kwa siku anazotumia kuchimbua tatizo. Huku utapata pengine saa moja ya kukagua saiti, siku mbili tatu za kuandaa mchoro na orodha ya vifaa, na bado mteja anaweza asinunue. Ingia saiti na maswali mkononi: vyumba vingapi, kuta za mawe au mbao, chumba cha vifaa kiko umbali gani na banda la mwisho, jenereta huzimwa saa ngapi, nani anaidhinisha malipo. Hilo la mwisho wataalamu wengi huona haya kuliuliza. Uliza.

Umachinga usikutishe, maana kazi yako hasa ni kuzuia ahadi zisizotekelezeka. Chukua loji inayohitaji vifaa 24 vya Wi-Fi. Ofisa mauzo ataona swichi (kifaa cha kuunganisha vifaa vya mtandao kwa kebo) ya milango 24 yenye uwezo wa kupitisha umeme wa wati 370 kwenye kebo za mtandao, ataandika moja, na bei itapendeza. Kwa 802.3af, kiwango cha kupitisha umeme huo ambapo mlango hutoa hadi wati 15.4, hesabu inakubali: 24 mara 15.4 ni 369.6. Vifaa vikihitaji kiwango kikubwa zaidi, 802.3at, mlango mmoja hutengewa hadi wati 30, na swichi hiyohiyo inabeba 12 tu. Kwenye demo, yaani onyesho mbele ya mteja, kosa halionekani, kwa kuwa umechomeka kifaa kimoja. Litaonekana siku ya kufunga, na swichi ya pili itanunuliwa kwa kukata faida yenu. Kebo za shaba nazo zina ukomo wa mita 100. Banda lililo mita 140 linataka faiba, na mtaro wa faiba lazima uwe na mtu wa kuuchimba.

Ndiyo maana kila pendekezo liwe na sehemu ya "visivyokuwemo": mitaro, nguzo, umeme wa chumba cha vifaa, na kama bei ina VAT au haina.

Ugonjwa wa washauri ni kueleza kila kitu. Demo iwe ya dakika 30, juu ya mambo mawili matatu ambayo mteja mwenyewe ameyalalamikia. Ijaribu siku moja kabla, na ubebe ruta yako yenye laini ya simu. Intaneti ya mteja ndiyo hiyo mbovu uliyoitiwa. Akitaka kubaki na vifaa kwa majaribio, sainianeni kwanza tarehe ya mwisho na vipimo vya kufaulu. Bila karatasi hiyo atavitumia bure hadi msimu uishe.

Zabuni za umma hupita NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni uliochukua nafasi ya ule wa TANePS mwaka 2023. Kwenye vipimo vya kiufundi vya zabuni usiishie kuandika "tunakidhi". Taja na ukurasa wa karatasi ya kiwanda yenye sifa za kifaa unaothibitisha.

Kabla ya kuacha kazi, omba hapo ulipo uandike mapendekezo mawili na uendeshe demo moja. Utajua mapema kama unaipenda.

SWALI: Nimeahidiwa mshahara mdogo kuliko wa sasa, pamoja na kamisheni. Nikubali?
Msomaji, Moshi

JIBU: Subiri majibu ya mambo matatu, kwa maandishi: kamisheni inakokotolewa kwa mauzo au kwa faida, inalipwa mkataba ukisainiwa au mteja akishalipa, na ukiondoka katikati ya dili inakuwaje. Kama wateja ni loji, kumbuka masika: Aprili na Mei nyingi hufunga au hubaki na wageni wachache. Vyumba viko wazi kwa mafundi, ila malipo huchelewa. Mshahara wa msingi utoshe kodi ya nyumba na ada za watoto kwa miezi hiyo, kamisheni ikiwa sifuri.