Waanze na kupapasa mbavu

Ndugu, umeuliza kama semina ya siku moja itatosha wauguzi wako waweze kupima ECG (mchoro wa umeme wa moyo) na kuisoma. Kupima, pengine. Kusoma, hapana.

Mimi ningeanza na kifua chenyewe. Wengi hubandika V1 na V2 (elektrodi za kifuani, zinazonasa umeme wa moyo) juu mno kwa sababu wanakisia kwa macho. Wafundishe kupapasa: kidole kishuke kutoka shingoni hadi kwenye kinundu cha mfupa wa kidari, pembeni yake kuna ubavu wa pili, kisha wahesabu hadi nafasi ya nne kati ya mbavu. V1 kulia kwa kidari, V2 kushoto. V4 ibandikwe kabla ya V3, maana V3 hukaa katikati ya V2 na V4. Halafu badilisha makusudi nyaya za mikono miwili, waone lidi ya I (mmoja wa michoro ya ECG) inavyopinduka. Hilo hawalisahau.

Kwenye kusoma, wahakiki kwanza kasi ya karatasi (kwa kawaida milimita 25 kwa sekunde), kisha mapigo, mdundo, ndipo ST (kipande cha mchoro kati ya mawimbi ya S na T). Tafsiri ya mashine wasiiangalie kabla hawajaandika yao. Na mwenye maumivu ya kifua apimwe ndani ya dakika 10, daktari aonyeshwe papo hapo, hata kama muuguzi hana uhakika na alichokiona.