Pampu haina macho: maswali ya matangi kutoka Nyanda za Juu

Safu iliyopita niliandika aya mbili tu kuhusu vifaa vinavyozima pampu vyenyewe tangi linapojaa, nikadhani nimemaliza. Tangu siku hiyo simu yangu haijalala. Wanauliza watu wa petroli, wa dhahabu, wa nguzo, hata wa maziwa. Nimechukua maswali sita. Yaliyofanana nimeyaunganisha.

Shikamoo fundi. Nasimamia kituo cha mafuta Makambako. Bosi anasema tangi letu la chini lina kipimo cha elektroniki kinachosomeka ofisini, kwa hiyo hatuhitaji kifaa kingine cha kuzuia kufurika. Dereva wa boza naye anasema akishusha mafuta anajua tangi limejaa kwa kusikia mlio ukibadilika. Nani yuko sahihi?

Marahaba. Wote wamekosea, ila kosa la bosi ndilo la gharama zaidi.

Kazi ya kipimo ni kusema. Bomba hakilishiki. Na siku kikikwama, huendelea kusema kwa uhakika ule ule. Usiku wa kuamkia tarehe 11 Desemba 2005, katika ghala la mafuta la Buncefield, kaskazini mwa London, tangi namba 912 lilikuwa likipokea petroli kwa bomba. Kipimo chake kilikwama. Skrini ikaonyesha kimo kimesimama, na huku petroli inaingia. Juu kabisa palikuwa na swichi ya pili, inayojitegemea, ambayo kazi yake pekee ilikuwa kufunga kila kitu mafuta yakiifikia. Nayo haikufanya kitu. Swichi hiyo ilikuwa na mkono wa kuijaribia, na mkono huo ulitakiwa kushikwa na kufuli dogo ili ubaki mahali pake. Kufuli halikuwepo. Zaidi ya lita 250,000 zilimwagika kutoka juu ya tangi, mvuke ukatambaa chini kama ukungu, na saa 12 na dakika moja asubuhi ukalipuka. Waliumia watu 43, na hakuna aliyekufa. Ilikuwa Jumapili. Ingekuwa Jumatatu saa nne, tungekuwa tunasimulia mengine.

Kinachonikaa kichwani katika habari ile ni kwamba kipimo hakikukwama siku hiyo tu. Kilikuwa kimekwama mara kadhaa tangu tangi lifanyiwe matengenezo mwezi Agosti, na watu wakazoea. Muulize bosi wako kipimo cha ofisini kimewahi "kuganda kidogo" mara ngapi mwaka huu.

Kwa kituo kama chako kuna valvu inayowekwa ndani ya bomba la kujazia, yenye boya na kibao. Mafuta yakifika karibu asilimia 95 ya ujazo, boya hunyanyua kibao, na mtiririko wenyewe hukisukuma kifunge. Haihitaji umeme. Katika tangi la lita 20,000 inakubakizia nafasi ya lita 1,000. Dereva ataona mpira umeruka na mtiririko umekata. Hapo afunge valvu ya boza, na asiuchomoe mpira papo hapo, maana mpira wa inchi 4 wenye urefu wa mita 5 una karibu lita 40 ndani. Zisubiriwe zishuke taratibu.

Lakini valvu hiyo msiigeuze breki ya kila siku. Pigeni dipu kwanza, yaani pimeni kimo kwa fimbo. Dipu ikisoma lita 8,000 na chemba ya boza ina 12,000, hesabu imekataa kabla mpira haujaunganishwa. Anayengoja valvu imwambie kuwa tangi limejaa amebakiwa na kinga moja badala ya mbili.

Sikio la dereva ni zuri. Alitumie kusikiliza gia akishuka Kitonga.

Habari fundi. Niko Chunya, tunachenjua marudio (mabaki ya mchanga wa dhahabu) kwa sianidi. Tunavuta maji ya dawa kutoka tangi la kuchanganyia kwenda kwenye vati. Juzi boya liliganda, pampu haikuzima, yakafurika mpaka nje. Niongeze boya la pili?

Ongeza kinga ya pili, lakini isiwe pacha wa ya kwanza. Chokaa mnayotia kupandisha pH (ikipanda, tindikali hupungua) ndiyo inayoganda kwenye boya, na iliyokamata la kwanza itakamata la pili wiki hiyo hiyo. Boya libaki kwa kazi za kila siku. Kwa kinga ya juu tafuta kifaa cha aina nyingine kabisa, kwa mfano sensa ya mawimbi ya sauti inayotazama kimo kutoka juu bila kugusa maji.

Namna ya kuunga nyaya ina uzito kuliko bei ya kifaa. Swichi zote mbili zipite mfululizo kwenye koili ya kontakta (swichi kubwa inayowasha pampu), na zote ziwe zimefunga wakati hali ni salama. Hapo waya ukikatwa na panya, au nati ikilegea, pampu inasimama. Mafundi wengi huku kwetu hufanya kinyume: swichi inangoja tangi lijae ndipo ipeleke umeme wa kuzima. Waya ukikatika, hakuna anayejua mpaka siku ya mafuriko. Na swichi ya juu ikishazima, pampu isijiwashe maji yakishuka. Mtu aende, atazame, abonyeze kwa mkono wake.

Umesema pia, katika ujumbe mrefu ambao nimeufupisha, kwamba mlinzi yupo na anaweza kukimbilia swichi. Pampu ya lita 600 kwa dakika hutoa lita 10 kila sekunde. Mlinzi akitumia sekunde 40 kuamka, kuvaa ndala na kufika, ni lita 400 za maji ya sianidi ziko chini.

Na hapo chini ndipo hatari inapobadilika sura. Ndani ya tangi mnashikilia pH 10.5 au zaidi, na sianidi inatulia majini. Ikishuka hadi karibu 9.2, nusu yake imeshageuka kuwa ile hali inayopaa kama gesi. Maji yaliyofurika yakikutana na mvua, au na udongo wenye tindikali, hakuna anayeyapimia pH tena. Kwa hiyo mtu asiende kuyafagia kabla hajajikinga, na mifugo ifukuzwe mbali. Jengeni sakafu ya saruji na ukuta kuzunguka matangi, wenye uwezo wa kubeba asilimia 110 ya tangi kubwa kuliko yote.

Fundi, mimi ni wa kiwanda cha nguzo, Mafinga. Baada ya kushindilia dawa ya CCA (ya kuzuia nguzo kuoza) kwenye nguzo, tunarudisha iliyobaki kutoka kwenye silinda kwenda tangi la juu. Umeme ulikatika katikati. Tulifurahi kwamba pampu imezima, kumbe dawa ikarudi yenyewe na kufurika kwenye tangi la chini. Imewezekanaje?

Imewezekana kwa sababu kilichokatika ni umeme tu. Mvutano wa dunia hauna mgao. Tangi liko juu, bomba limejaa, valvu zimeachwa wazi: dawa itashuka kwa njia ile ile iliyopandia, na ndani ya pampu iliyosimama hakuna mlango wa kuizuia.

Unachohitaji ni valvu yenye springi. Katika hali ya kawaida hewa ya kompresa huishikilia wazi dhidi ya springi. Umeme ukikatika, hewa inaachiwa na springi inafunga. Sikiliza vizuri hapa, maana ndipo watu wanapopigwa: kompresa ikizima, tangi lake bado lina hewa ya kutosha kushikilia valvu wazi kwa muda mrefu. Kwa hiyo hewa hiyo lazima ipite kwenye solenoidi, valvu ndogo inayotegemea umeme, ambayo ukikatika inaitoa hewa nje papo hapo. Jaribuni mkiwa na maji matupu. Zimeni swichi kuu ya kiwanda mchana, mshike saa, mhesabu sekunde mpaka valvu ifunge. Isifunge kwa kishindo lakini. Safu ndefu ya dawa inayokimbia bombani ikisimamishwa ghafla hupiga kama nyundo, na viungo hupasuka.

Valvu ya njia moja nayo wekeni, ila msiitegemee peke yake. Kipande cha gome la msindano kikikaa mlangoni, inavuja bila kusema.

Njia ya bei nafuu zaidi ni kuliingizia tangi la juu bomba kutoka juu, mdomo wake ukae juu ya kimo cha dawa. Hapo hakuna cha kurudi ila kilichomo bombani. Kwa CCA inafaa, kwa sababu haishiki moto. Mwenye petroli asiige: mafuta yanayoanguka kutoka juu na kurusha matone hutengeneza umeme tuli, na cheche moja inatosha. Petroli huingia kwa bomba linalofika karibu na sakafu ya tangi, taratibu mpaka mdomo uzame, na waya wa ethi umeshafungwa kabla ya mpira kuunganishwa.

Mmesema pia mnao ukuta wa kuzuia. Vizuri. Tazameni bomba lake la kutolea maji ya mvua. Kwa mvua za Mufindi najua mtu amechoka kulifungua kila asubuhi, akaliacha wazi. Kama liko wazi, dawa yenye kromiamu na aseniki imeshaelekea bondeni.

Swichi ya boya ya tangi la maji la nyumbani inaweza kufungwa kwenye tangi la dizeli? Dizeli si petroli, na Mbeya ni baridi.

Hapana. Ndani ya swichi ile kuna vichuma vinavyoachana kwa cheche, na waya wake hukakamaa na kupasuka ukikaa kwenye mafuta. Nunua iliyotengenezwa kwa mazingira ya mvuke unaowaka, na fundi umeme aifunge pamoja na kizuizi chake cha umeme, kinachozuia cheche.

Baridi ya Mbeya isikudanganye. Petroli hutoa mvuke wa kuwaka hata kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri. Dizeli kweli ni mpole, lakini sisi tuko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na joto ambalo mafuta huanza kutoa mvuke wa kuwaka hushuka kwa nyuzi nne hivi ukilinganisha na pwani. Na chemba iliyobeba petroli jana haiwi ya dizeli kwa kubadilishiwa jina.

Kitufe cha dharura kikae wapi? Chetu kiko kwenye pampu yenyewe. (Kiwanda cha maziwa, Iringa)

Kimoja hapo, kingine mbali, kwenye njia ya kutokea. Tarehe 21 Oktoba 2016, mjini Atchison, Kansas, lori lilishusha asidi ya salfuriki kwenye tangi la hipokloraiti, ile ya kuulia vijidudu. Ikatoka gesi ya klorini, na zaidi ya watu 140 walikwenda kutafuta matibabu. Wingu la gesi lilikuwa limekaa pale pale penye vifungio, na kumimina kukaendelea karibu dakika 45.

Ninyi wa maziwa mna asidi ya kuoshea mabomba na mna klorini, mara nyingi ukuta mmoja. Swichi ya kimo haitawasaidia, kwa sababu haijui kinachoingia ni nini. Wekeni viungio vya mpira visivyoingiliana, na kila mdomo uwe na kufuli lake, na funguo akae nazo mtu mmoja wa zamu.

Swichi ya juu inatusumbua, inazima pampu bila sababu. Fundi ameibaipasi kwa waya ili kazi iende. Tunakosea? (Uyole)

Nimeshafanya hivyo mwenyewe. Nilikuwa kijana, kiwanda nakiacha bila jina, kazi ya usiku kuhamisha magadi makali kutoka tangi moja hadi jingine. Swichi ilizima mara tatu, nikachoka, nikaiunga kwa kipande cha waya mwekundu, nikajiambia asubuhi nitautoa. Asubuhi nikapumzika, kesho yake nikasahau. Siku ya tano magadi yalifurika. Mwenzangu aliteleza ndani yake, na alama za mguu wake nimeziona mwaka huu kwenye msiba.

Swichi yenyewe haikuwa mbovu. Nilipoifungua nikakuta imewekwa chini mno, karibu na kimo cha kazi, mawimbi ya kujaza yakawa yanaigusa. Ilitakiwa kupandishwa inchi nne tu. Yenu inaweza kuwa hivyo, au kuna maji kwenye kisanduku cha nyaya, au povu. Kuichunguza ni kazi ya nusu saa, tangi likiwa limetulia. Waya wa baipasi utoeni leo, kabla zamu ya usiku haijaingia.