Ukitaka kujenga vikwazo vya mazoezi nyumbani, anza na chini

Picha ya kwanza niliyopiga baada ya kumaliza fremu yangu ya kuning'inia na kubembea ilitoka vizuri sana, nguzo mbili zimesimama, paipu katikati, kamba inaning'inia pembeni, mi mwenyewe nimeshika kiuno kama mkandarasi. Wiki ya tatu nikiwa nabembea nguzo ya kushoto ikaanza kuinama, yani haikuvunjika, iliinama taratibu kama mtu anayesinzia kwenye basi, na mi nikashuka nayo mpaka nikatua kwa makalio kwenye udongo mkavu mgumu kama sakafu. Karibu mwezi mzima kukaa kwenye kiti ilikuwa shughuli.

Jirani yangu ni fundi seremala, akaja kuangalia. Akaingiza mguu kwenye lile shimo, akacheka. "Kijana, hii nguzo hukuizika. Uliisimamisha tu."

Shimo lilikuwa sentimita 40, nimerudishia udongo ule ule nikaukanyaga kanyaga kwa miguu nikaona limeshika. Hela na muda wote niliweka juu, kwenye paipu, kamba na mbio za kutafuta bolti zinazong'aa, chini nikapaacha hivi hivi. Nikianza upya leo siku mbili za kwanza ntachimba tu, sigusi hata mbao.

Hesabu yenyewe ni rahisi ila hakuna aliyenambia. Mtu wa kilo 75 akining'inia ametulia, paipu inabeba kilo 75. Akibembea kwenye kamba akianzia pembe ya nyuzi 60 kutoka pale inaponing'inia wima, akipita pale chini katikati mzigo unakuwa mara mbili, kama kilo 150. Akianzia pale ambapo kamba imelala sawa na ardhi unafika mara tatu, 225. Sasa huo mzigo hauvuti kwenda chini peke yake, unasukuma nguzo mbele na nyuma kila unapobembea, na nguzo iliyosimama kwenye udongo uliokanyagwa inapanua shimo lake kidogo kidogo bila wewe kuona. Ndo maana yangu ilivumilia wiki mbili nikajiona fundi.

Nilivyofanya mara ya pili ni hivi. Nilitaka paipu ikae mita 2.4 kutoka chini, kwa hiyo nguzo zikawa za mita 3.3, shimo likaenda chini sentimita 90. Nguzo ni mbao iliyotiwa dawa, unene sentimita 10 kwa 10, na shimo upana wa sentimita 30. Chini ya shimo nikaweka kokoto kama sentimita 15 maji yapate pa kwenda, nikasimamisha nguzo, nikaishikilia kwa mbao mbili za kuegemeza, pimamaji pande mbili (sio upande mmoja, upande mmoja unakudanganya), afu zege. Kila shimo lilikula kama lita 45 za zege, zaidi ya kilo 100, na mgongo wangu unaikumbuka kila lita. Juu kabisa zege usiliache sawa na udongo, linyanyue kidogo liwe na mteremko kuzunguka nguzo maji yatiririke nje, maana mbao huozea pale pale inapokutana na ardhi, huko ndani kabisa wala sio sana.

Afu subiri. Hapa ndo watu wanaharibu. Kesho yake zege limekauka kwa juu na mikono inawasha unataka kujaribu, acha kabisa. Mi nilikaa siku 7 ndo nikaning'inia kwa utulivu, kubembea nikaanza baada ya wiki 4, maana nguvu ya zege mafundi wanaihesabia siku ya 28. Siku hizo nilizitumia kulainisha mbao kwa msasa na kuongeza mbao za mshazari kwenye kona, zile zinazozuia fremu isicheze kushoto na kulia.

Kuhusu paipu, namba inayotajwa ukienda kununua ni ya tundu la ndani. Paipu inayoitwa inchi 1 kwa nje ina kama milimita 33, na ya inchi moja na robo ina kama 42. Nilinunua ya pili nikidhani nachukua nene kidogo tu, vidole vikawa havikutani na gumba, sikuweza kujivuta hata mara moja. Anza na 33. Ile nene itunze, baada ya miezi kadhaa ni zoezi zuri sana la mshiko. Pia usiache nafasi kubwa kati ya nguzo, mita 1.2 inatosha, yangu ya kwanza ilikuwa mita 2.5 na paipu ikaota tumbo katikati. Paipu ipite kwenye tundu ulilotoboa ndani ya nguzo, itokeze upande wa pili, afu uizuie kwa bolti isizunguke. Na popote panapobeba mtu tumia bolti, washa na nati. Misumari inatambaa nje kidogo kidogo kila fremu ikitikisika, siku unagundua ni siku upo hewani.

Sasa pale utakapodondokea. Utadondoka, hilo lisikupe shida. Mi nimechimbua eneo lote chini ya fremu nikajaza mchanga laini sentimita 30, na nikaupitisha kama mita 2 kila upande, kwa sababu anayebembea hadondoki chini ya paipu, anarushwa mbele. Mchanga unashindiliwa na mvua na miguu, ukiuacha miezi miwili unarudi kuwa sakafu, kwa hiyo kila kabla ya mazoezi reki napitisha. Dakika tatu. Vile vigodoro vyembamba vya kufanyia mazoezi ya tumbo usiviwekee matumaini.

Baada ya hapo ndo uulize ujenge nini. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 kulikuwa na afisa wa jeshi la majini la Ufaransa anaitwa Georges Hébert, mazoezi yake aliyapanga kwa vitendo: kutembea, kukimbia, kuruka, kutambaa, kupanda, kutunza mizani ya mwili usianguke, kurusha, kunyanyua, kujilinda, kuogelea. Mi huwa najiuliza kwa mtindo huo, hiki kifaa kinanifanyisha kitendo gani ambacho sina bado? Ile orodha ya vifaa kumi niliyokuwa nayo ikapungua ikabaki vinne, paipu ya kuning'inia, kamba, ukuta na kitu cha kubeba. Ya tano ni boriti ya mizani ambayo ni mbao tu imelazwa juu ya vigingi sentimita 25 kutoka chini, haihitaji maelezo.

Cha kubeba ndo rahisi kuliko vyote na ndo watu wanakidharau. Ndoo ya lita 20 ukiijaza mchanga mkavu inakaribia kilo 32, ukilowa inazidi hapo. Ukiikumbatia kifuani ukatembea nayo dakika mbili bila kuiweka chini utajua hujui. Mfuko wa mchanga nilitengeneza kwa mguu wa suruali ya jinzi iliyochakaa, ndani mifuko miwili ya nailoni imefungwa kwa tepu, nje jinzi imeshonwa mara mbili. Usiujaze ukavimba, uache ulegee, mfuko uliolegea unahamahama begani na kukulazimisha kupambana nao. Matairi nayo mazuri kwa kuvuta na kupindua, ila toboa matundu kwa drili sehemu ya chini, la sivyo maji yanatuama humo unafuga mbu.

Kamba nimekosea mara mbili. Ya kwanza ilikuwa nailoni nyembamba ya milimita 16, ngumu kushika na inavutika kama lastiki, na siku moja nimechoka nikateleza nayo kutoka juu mpaka chini badala ya kushuka mkono kwa mkono. Viganja vyote viwili vikaungua. Sikuhisi chochote mpaka niliponawa, pale ndo nikapiga kelele za aibu. Kamba ya kupandia inatakiwa iwe nene, kama milimita 38, ya nyuzi za asili kama manila, na ishikiliwe na bolti ya pete iliyopita boriti nzima ikafungwa nati na washa upande wa pili, sio ile ndoano ya kuskrubu. Na miguu ndo inapanda kamba, mikono inashikilia tu. Kamba ipite nje ya paja la kulia, iingie chini ya unyayo wa kulia, afu mguu wa kushoto uizoe kutoka chini na kuibana juu ya mguu wa kulia. Hapo unasimama kama umesimama kwenye ngazi. Jifunze ukiwa umekaa kwenye kiti kwanza, kamba mbele yako, mara hamsini, mpaka miguu iizoe bila kuangalia. Ukimaliza mazoezi ifunge juu kabisa, watoto wakiikuta inaning'inia hawaachi.

Ukuta wangu ni mita 1.8, plaiwudi ya milimita 18 juu ya fremu ya mbao, na miguu ya kuegemeza nyuma imezikwa kama nguzo nyingine zote. Ukingo wa juu nimeuzungusha kwa msasa maana hapo ndo mbavu zinapita. Kosa la kila mtu ni kukimbia na kuupiga ukuta kifua. Mguu ugonge ukuta usawa wa kiuno, usukume kwenda juu, mikono ishike ukingo wakati bado unapanda, ukichelewa nusu sekunde unakuwa unanyanyua mwili mzima kwa mikono mitupu. Zile ngazi za kulala za kupita kwa mikono nilijenga baadaye sana. Nilitumia vipande vya mbao vya duara kwenye matundu, kimoja kikazunguka mkononi nikadondoka. Sasa kila kimoja kina skrubu inayokishika kutoka juu ya boriti, na nafasi kati yao ni sentimita 30, ukiwa mzoefu unaruka kimoja kimoja.

Mazoezi yenyewe nayo yana chini yake. Misuli inazoea haraka, kano zinachelewa, na mi nikaona wiki ya pili najivuta mara sita basi nikawa nafanya kila siku. Wiki ya sita kiwiko upande wa ndani kikaanza kuuma nikifungua mfuniko wa chupa. Nikapumzika kabisa wiki tatu afu nikaanza tena kwa kuning'inia tu: sekunde 10 mara tano, siku mbili kwa wiki. Nilipofika sekunde 30 nikaongeza kushusha mabega mikono ikiwa imenyooka, mwili unapanda kidogo tu, haionekani kama zoezi lakini bega linajifunza kubeba. Baadaye kuruka juu na kujishusha taratibu kwa kuhesabu mpaka tano, ndo kujivuta kwenyewe, na kubembea ikawa mwisho kabisa baada ya kuweza kuning'inia dakika nzima. Siku tatu kwa wiki, siku moja ya kupumzika katikati, sijawahi kuzidisha tena na kiwiko kimenyamaza.

Ukishaweza kila kifaa ukiwa hujachoka, vifanye ukiwa hoi. Kwenye mbio za vikwazo zenyewe hakuna anayefika kwenye kamba akiwa amepumua vizuri. Mi sina eneo la kukimbia kwa hiyo naruka kamba dakika mbili au nabeba ile ndoo kwenda na kurudi, alafu bila kusimama naning'inia. Mara ya kwanza dakika yangu moja ikageuka sekunde 22. Niliicheka mwenyewe.

Viganja vitaota sugu na hiyo ni sawa, ila ukiziacha zinyanyuke zitachanika na ngozi nzima, zisugue kwa jiwe baada ya kuoga zikiwa laini. Glovu sizipendi, zinafanya paipu inenepe. Paipu ikiwa na umande ifute kwa kitambaa, na kama mvua inanyesha beba ndoo, achana na kuning'inia.

Kila siku kabla sijaanza nazunguka. Nasukuma kila nguzo kwa bega, napitisha spana kwenye nati, naiangalia kamba kutoka juu mpaka chini kama kuna nyuzi zimekatika, hasa pale inapogusana na pete. Mwezi uliopita nilikuta imeanza kulika hapo hapo, ilikuwa imenitumikia karibu miaka miwili. Nimeikata vipande, kimoja nimefungia turubai linalofunika rundo la mchanga wa akiba.