Habu za mkono kwenye Hardbody: niliyoyaona Mau Narok

Ndugu wa Njoro, umeuliza kama inafaa kung'oa habu za otomatiki (vile vifaa vya katikati ya magurudumu ya mbele vinavyounganisha gurudumu na ekseli, vinavyojishika vyenyewe) kwenye pikapu yako ya Nissan Hardbody na kufunga za mkono, unazozizungusha mwenyewe, na kama kazi hiyo ni ya fundi wa kawaida. Yangu ni toleo la D22, ya dizeli. Nilizibadilisha, na nimepitisha misimu minne ya mvua nikibeba viazi kutoka Mau Narok hadi Nakuru mjini. Badilisha. Fundi wa kawaida anaweza, ila simama naye pale kwenye nati ya beringi na kwenye grisi. Hapo ndipo kazi huharibikia.

Kilichonisukuma kilikuwa asubuhi moja ya mwezi wa Mei, nikiwa na magunia 14 ya viazi aina ya Shangi. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Kabla ya kushuka kwenye bonde nikaweka 4H (gia ya magurudumu yote manne), taa ikawaka kwenye dashibodi, nikaingia topeni nikiwa na imani. Magurudumu ya nyuma yakaanza kuchimba. Kijana niliyekuwa naye akashuka kutazama mbele, akaniambia, "Mzee, haya ya mbele hayajasogea hata kidogo." Nikafungua dirisha, nikasikia ta-ta-ta-ta upande wa kushoto. Tulivutwa na trekta saa sita mchana, na mnunuzi wa mjini alikuwa ameshachukua mzigo wa mtu mwingine.

Siku hiyo nilielewa kwamba ile taa inakuambia tu kwamba gia imeingia kule kwenye gia boksi ndogo, ile inayopeleka nguvu mbele na nyuma, basi. Haijui kama habu zimeshika. Habu ya otomatiki husubiri ekseli ianze kuzunguka, kisha msuguano ndani yake husukuma meno yakutane. Grisi ikichafuka au sehemu ile ya msuguano ikilika, meno yanarukana badala ya kushikana. Na upande mmoja ukishindwa, difu ya mbele (gia zinazogawa mzunguko kati ya gurudumu la kushoto na la kulia) hupeleka mzunguko wote huko, kwa hiyo gurudumu la pili, hata kama habu yake ni nzima, linakaa tu. Tena ukinasa ukaanza kupeleka gari mbele na nyuma ili litoke, kila ukigeuza mwelekeo habu hizo huachia kwanza kisha zishike upya. Zinalika wakati ule ule unaozihitaji.

Habu ya mkono haina mambo hayo. Unashuka, unazungusha kutoka FREE (imeachia) hadi LOCK (imeshika), pande zote mbili, umemaliza. Nakubali kushuka kwenye mvua kunaudhi. Dawa yake ni kuziweka LOCK mapema: mimi nikiondoka lami kuelekea mashambani naziweka LOCK palepale. Habu zikiwa LOCK na gia ikiwa 2H (ya magurudumu ya nyuma tu) unaweza kurudi kwenye lami bila kudhuru kitu, ekseli ya mbele inazunguka bure tu. Kinachodhuru ni kuweka 4H kwenye lami kavu, kwa sababu gari hili halina difu ya katikati, na ukikata kona mbele na nyuma hazizunguki sawa.

Sasa kununua. Usinunue kwa jina la gari peke yake. Fungua kifuniko, hesabu meno yaliyo kwenye ncha ya ekseli na matundu ya boliti, upige picha uende nayo dukani. Mimi niliuziwa jozi ya kwanza kwa kuambiwa "hii ni ya Nissan", meno hayakulingana, nikapoteza siku nzima kuirudisha. Chagua yenye mwili wa chuma, na uhakikishe gaskiti na serklipi (pete ndogo za chuma za kushikilia) zimo ndani ya boksi.

Kufunga kwenyewe ni kazi ya asubuhi moja. Gari juu ya stendi, si jeki peke yake. Unatoa boliti, unavuta habu ya zamani, unatoa serklipi ya ekseli. Nyuma yake kuna vipande ambavyo habu ya otomatiki ilivitumia kujishikilia, na hivyo lazima vitoke vyote. Kwenye magari mengine hata nati ya beringi na washa yake hubadilishwa. Uliza hilo kabla hujalipa. Nati hiyo ikiguswa, beringi zipangwe upya: kaza huku unazungusha gurudumu, legeza, kaza tena polepole mpaka mchezo uishe lakini gurudumu lizunguke laini. Shika tairi juu na chini, litikise. Likicheza, bado. Mimi nilirudia kukagua baada ya kilomita 150, na upande wa kulia ulihitaji kukazwa kidogo.

Grisi nayo. Fundi wangu wa kwanza aliijaza habu mpaka ikafurika, akidhani ananisaidia. Asubuhi ya baridi, na Mau Narok ni baridi kweli, grisi ikaganda na springi ikashindwa kusukuma meno. Beringi zipakiwe vizuri, lakini ndani ya habu ni utando mwembamba tu.

Kabla ya kushusha gari, jaribu. Kwenye FREE zungusha gurudumu kwa mkono, ekseli isizunguke nalo. Kwenye LOCK lazima izunguke. Ikikataa, sogeza gurudumu kidogo meno yakutane.

Usitegemee kuokoa mafuta. Habu za otomatiki zilikuwa zinaachia pia, kwa hiyo matumizi yangu hayakubadilika. Nilichopata ambacho sikukitarajia ni hiki: habu zikiwa FREE nikaweka 4L (gia nzito ya magurudumu manne), napata gia nzito ya magurudumu ya nyuma tu, na narudi nyuma na mzigo kwenye uwanja mgumu bila kuunguza klachi. Fanya taratibu, maana ekseli ya nyuma inabeba nguvu yote peke yake.

Wakati wa kiangazi ziweke LOCK mara moja kwa mwezi uendeshe kilomita chache, oili ya difu ya mbele ipate kuzunguka. Ukishahesabu meno ya ekseli yako niambie idadi, na unipigie picha ya ile nati ya beringi kabla hujanunua chochote.