Kabula, mtu wa rangi angoje

Misungwi, Julai

Kabula mwanangu,

Mwangaluka. Huku hatujambo, pamba ya mwisho tunaitoa shambani wiki hii. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unasema fundi wa rangi ana nafasi wiki ijayo na bei amekupunguzia, ila injini ya trekta la marehemu baba yako bado iko kwa fundi kule Nyakato. Unauliza: apige rangi sasa, mwili ukae tayari ukisubiri injini, au angoje?

Angoje. Akipata kazi nyingine, aende.

Najua linavyokuuma kuliona limesimama uchi bandani pale Igombe. Lakini Massey Ferguson 135 la umri ule, ukilifungua na kulifunga, lazima livuje mahali. Ile injini yake ya Perkins ya silinda 3 ikirudi, mtatoa upepo kwenye mabomba ya dizeli, na dizeli itamwagikia ubavuni. Rangi ya mafuta ambayo haijakomaa ikilowa dizeli inalainika, unaifuta na kitambaa inabaki kwenye kitambaa. Ukiigusa siku ya pili utadhani imekauka. Kukomaa inataka wiki kadhaa.

Halafu kuna mivujo inayojificha. Haidroliki, mfumo wa oili unaoinua jembe, ikiwa baridi inaweza kukaa kimya kama mtoto mchanga aliyeshiba. Sili ya nyuma ya kranki nayo, ile ya kamba inayozuia oili isitoke nyuma ya injini, husubiri oili ipate moto ndipo ianze kudondosha chini ya nyumba ya kluchi. Hapo hakuna ujanja: trekta linagawanywa kati, injini huku, gia boksi kule. Sasa fikiria jeki na spana zinavyopita juu ya rangi ya wiki mbili uliyoilipia.

Kwa hiyo lifungwe, liwake, kisha litumikishwe. Kuliwasha bandani dakika 10 si kulijaribu. Lifungie tela, libebe mawe (Mwanza hatujawahi kupungukiwa mawe), lipande nayo mlima siku 4 au 5. Kila jioni lizunguke na tochi na kitambaa kikavu. Panapolowa, tia alama ya chaki, parekebishwe. Siku utakayomaliza kuzunguka chaki ikiwa bado mfukoni, ndipo umpigie simu mtu wa rangi.

Ila si kila kitu kinangoja. Chuma ulichokikwangua kikang'aa, kwa unyevu wa ziwa kinaweza kuamka na wekundu kesho yake. Kipigwe praima, ile rangi ya chini, siku hiyohiyo. Na usidanganyike kwamba praima ni koti la mvua. Inanyonya maji, kutu inarudi chini kwa chini. Ndiyo maana nakuhesabia miezi: ukijaribu Agosti, upige rangi Septemba, mvua za Oktoba zikukute umemaliza. Sehemu zisizofikika trekta likishafungwa, kama nyuma ya radieta na chini ya tangi, zimalize sasa. Nyuso zinazokaa gasketi usiziguse. Na pale rimu inapolalia habu, kitovu cha gurudumu, rangi iwe nyembamba kabisa. Ikiwa nene inajifinya kazini, nati zinalegea. Baba yako alidondosha nati 2 barabarani kwa kosa hilo, akasingizia mashimo mpaka anaingia kaburini.

Usimwachie fundi akuchagulie wekundu. Wa juu ya boneti umeshapaushwa na jua. Ukiupeleka dukani kama sampuli utarudi na waridi. Fungua taa ya mbele, tazama palipokuwa pamefunikwa: huo ndio wa kiwandani. Injini na gia boksi ni kijivu, asikupakie nyekundu kila mahali ili amalize kopo.

Kabla ya kupiga, lioshe kwa mafuta ya taa kisha kwa sabuni na maji, likauke kabisa. Penye oili rangi inakataa kushika, inajikunyata vijicho vijicho. Kibao cha namba ya mashine kibandikwe tepu. Anza saa 3 asubuhi umande ukishakauka, na umalize kabla upepo wa ziwani haujaanza kuinua vumbi. Usiku ni marufuku. Baba yako alipiga boneti usiku kwa taa ya karabai, mwezi ndiyo umeandama, na wale wadudu wa ziwani wanaopanda kama moshi wakaja ukoo mzima. Asubuhi boneti ilikuwa na manyoya. Tuliisugua msasa siku mbili, yeye anacheka, mimi sikucheka.

Jambo la mwisho. Ndani ya madigadi ya kushoto kuna mistari aliyokuwa akiikwaruza kwa msumari, kila mstari ekari moja aliyomlimia mtu kwa mkopo. Daftari langu liliungua jikoni, unakumbuka. Fundi asitie msasa pale kabla sijaja kuihesabu, maana kuna mzee mmoja hapa jirani anaapa alilimiwa ekari 3, na mimi nakumbuka 5.

Mama yako